Baiskeli Nayo Ikatiwe Tiketi

Ngara hakuna reli. Biharamulo nako hakuna. Ukisikia honi usiku pale Benaco au Lusahunga, ni lori la Kigali linaomba njia, si garimoshi. Basi kwa nini niandike vidokezo vya kupakia baiskeli kwenye treni, kwa watu ambao stesheni ya karibu wanaifikia kwa siku nzima ya basi?

Kwa sababu wasafiri wenyewe wapo. Yupo fundi wa Rulenge anayehamia Tabora na hataki kuiacha Phoenix ya marehemu baba yake. Yupo mwalimu wa Nyakahura aliyehamishiwa Manyoni. Na yupo yule aliyeiona baiskeli ya mtumba Dar es Salaam, akapenda bei, akailipia, kisha ndipo akakumbuka kwamba nyumbani kwake ni Kabanga, mpakani na Burundi. Mimi ni huyo wa mwisho, tena mara mbili. Mara ya kwanza nilikosea karibu kila jambo utakalolisoma hapa.

1. Chagua stesheni kwanza, tarehe baadaye

Milango yetu ya kuingilia reli ni mitatu.

Wa kwanza ni Isaka. Ndio mlango wa watu wengi wa Ngara na wa Biharamulo ya kusini, kwa kuwa barabara kuu ya Rusumo inakwenda moja kwa moja: Benaco, Lusahunga, Nyakanazi, Ushirombo, Kahama, Isaka. Kumbuka kwamba Kahama, kwa ukubwa wake wote na biashara zake zote, haina reli. Mgeni hushuka stendi ya Kahama akauliza stesheni iko wapi, akacheka kila aliyeulizwa. Stesheni iko Isaka, mbele kidogo, penye ile bandari kavu ambapo mizigo ya Rwanda na Burundi hushushwa kutoka kwenye mabehewa na kupandishwa malorini.

Wa pili ni Mwanza, unaowafaa walioko Biharamulo mjini. Unapita Geita na Sengerema, na tangu Juni 2025 hupangi tena foleni ya kivuko pale Busisi, kwa maana daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, lile la kilomita 3 juu ya maji ya ziwa. Mwanza ndiko treni inakoanzia, kwa hiyo unapakia kwa nafasi. Isaka treni inapita tu. Kwa mwenye baiskeli tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyosikika, na ningekuwa naishi Biharamulo mjini nisingeifikiria Isaka hata kidogo.

Wa tatu ni Kigoma, kwa njia ya Nyakanazi, Kakonko, Kibondo na Kasulu. Mlango huu ni wa mwenye shughuli zake huko. Kama unakwenda Dodoma au Dar es Salaam, hakuna haja ya kuanza kwa kurudi nyuma.

2. Usiiendeshe mpaka Isaka kwa kutafuta sifa

Kuna watakaoona hesabu ni rahisi: baiskeli ninayo, barabara ni ya lami, nauli ya nini? Rusumo mpaka Lusahunga peke yake ni kilomita 92, na ukifika hapo hata theluthi ya safari hujaimaliza. Milima ya Ngara unaijua: wabeba ndizi wetu huisukuma baiskeli kutwa nzima, wakaipanda robo saa ya mteremko. Ongeza malori ya Rwanda, Burundi na Kongo, ambayo hayakupishi kwa sababu wewe ni mwenyeji. Ongeza pori, ambalo sasa ni Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato tangu 2019. Wenye umri wanakumbuka miaka ambayo mabasi hayakupita misitu hiyo bila askari wa kuyasindikiza. Hali imebadilika sana, lakini giza la pori ni lilelile, na nyati hana habari na mabadiliko.

Na ule mchezo wa vijana wa Burundi wa kuning'inia nyuma ya lori mlimani, mkono mmoja kwenye bodi na mwingine kwenye usukani, waachie wenyewe.

Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kuletwa Afrika, ng'ambo tu ya Rusumo. Vijana wetu wengi walipata hamu tangu hapo. Ila wale waliopanda vilima vya Kigali walifuatwa na magari yenye magurudumu ya akiba juu ya paa. Wewe unafuatwa na nani?

3. Bei ya baiskeli husemwa baiskeli ikiwa chini

Hiki nakirudia kwa kila anayenisikiliza. Kondakta wa basi hana bei ya baiskeli iliyoandikwa popote. Anayo ya kwako, ya leo, anayoipima kwa macho. Baiskeli ikishaingia kwenye buti na basi likishaanza kuunguruma, kilichobaki si mapatano tena.

"Mzee, hiyo tutaongea mbele ya safari."

"Hapana kijana wangu, tuongee hapahapa, nikiwa bado naishika."

Mkikubaliana, simamia ulazaji wake. Ilale kwa ubavu usio na cheni, cheni itazame juu. Iwe ya mwisho kuingia, au walau juu yake pasiwekwe kitu. Safari yangu ya kwanza niliridhika kuona imelala vizuri, nikapanda nikakaa dirishani. Kituo cha mbele yakaongezwa magunia ya maharage. Niliposhuka, gurudumu la mbele lilikuwa na umbo la kiazi. Utingo aliliangalia, akaniangalia na mimi, akasema, "Litazunguka tu." Lilizunguka kweli, ila kila mzunguko lilikuwa linapiga salamu kwenye foku.

Ndiyo maana ningekushauri uifungue kabla ya kupanda basi, usingoje ufike stesheni. Namna ya kuifungua iko kidokezo cha tano.

4. Ulizia siku, na uifahamu saa

Treni ya kawaida ya Shirika la Reli, ile ya reli nyembamba ya zamani, haitoki kila siku, na ratiba yake hubadilika. Usimwamini mtu aliyesafiri mwaka jana, hata akiwa shemeji yako. Piga simu, au mtume mtu aliyeko Kahama aulizie dirishani.

Ukijibiwa, uliza tena: saa ya namna gani? Ratiba huandikwa kwa saa za kuhesabu mpaka 24, na sisi midomo yetu inahesabu kuanzia alfajiri. Aliyeandikiwa 8:00 akafika saa nane mchana amekuta reli tupu na mbuzi wawili. Mwambie karani akutamkie: asubuhi, mchana, au usiku?

Msimu wa mvua, ongeza siku mbili mfukoni. Kipande cha Kilosa mpaka Gulwe kimekuwa kikisombwa na mafuriko tangu zamani, na treni ya Mwanza hukwama kwa maji yaliyonyesha Morogoro. Wewe uko Isaka, jua linawaka, unaambiwa mvua imezuia safari. Si uongo.

5. Fungua, legeza, funika

Hapa tuchukue muda, maana ndipo baiskeli inapopona au kuumia.

Anza na pedeli. Ya kulia hufunguka kama nati yoyote, kinyume na mwendo wa saa. Ya kushoto imegeuzwa: hufunguka kwa kufuata mwendo wa saa. Nimewaona wanaume wazima, wenye nguvu za kuangusha mgomba, wakining'inia kwenye spana ya pedeli ya kushoto huku wanazidi kuikaza. Ukishazitoa, zifunge pamoja kwenye kitambaa na uziweke kwenye begi lako, zisibaki kwenye baiskeli.

Legeza usukani, uuzungushe ulale sambamba na fremu, kisha kaza kidogo usicheze. Shusha siti mpaka mwisho. Toa kengele, taa, kopo la mafuta, na chochote kinachotoka bila spana, maana kitatoka tu, kwa mkono wako au wa mwingine.

Tairi, punguza upepo kiasi, usiumalize. Watu husema ukiacha upepo mwingi tairi litapasuka kwenye behewa. Hofu hiyo ni ya ndege. Kwenye treni upepo kidogo unasaidia, kwa sababu tairi lililolala kabisa huacha rimu ikigonga chuma cha sakafu usiku kucha.

Cheni ndiyo adui wa majirani. Baiskeli yako itasafiri karibu na godoro la mtu, au mfuko wa sare za shule. Futa mafuta ya ziada, kisha izungushie kipande cha gunia au khanga iliyochakaa. Fremu izungushie vipande vya tyubu kuukuu, ile mipira tunayofungia mizigo kwenye keria, au maboksi unayoweza kuomba dukani. Gurudumu la mbele lifunge kwenye fremu lisipige kona lenyewe.

Kwa Phoenix na Swala zetu nzito, hapo umemaliza. Usizivunjevunje zaidi, kwa kuwa baiskeli hizo zimeundwa zibebe mikungu sita ya ndizi, na behewa halitazishinda. Za mtumba zenye gia ndizo laini. Kile kidude cha gia kinachoning'inia nyuma kikipigwa mara moja hakinyooki tena, na spea yake usiitafute Ngara. Kifungue, ukifungie kwa ndani ya fremu.

Na keria iwe tupu! Ukiweka kifurushi juu ya baiskeli umegeuza mzigo mmoja kuwa miwili, na wa pili hauna stakabadhi.

6. Andika jina mahali patatu

Baiskeli nyeusi aina ya Phoenix nchi hii ni kama ng'ombe wekundu Usukumani. Andika jina lako, namba ya simu, unakotoka na unakokwenda. Karatasi moja funga kwenye fremu, nyingine kwenye usukani, ya tatu ikunje uitie chini ya siti. Zifunike kwa selotepu. "Mwl. wa Ngara" si jina.

Tafuta pia namba ya fremu, ile iliyogongwa kwenye chuma. Mara nyingi iko chini, pale mikono ya pedeli inapoingilia, au kwenye bomba la siti. Ipige picha kwa simu, pamoja na risiti uliyonunulia.

Nayasema haya kwa aibu. Safari ya pili nilishuka usiku, nikapewa Phoenix nyeusi yenye gunia kwenye cheni, nikashukuru, nikaondoka. Asubuhi nikagundua kwamba siti ni ya ngozi. Yangu ilikuwa ya plastiki. Nilirudi stesheni mbio, nikamkuta mzee mmoja amekaa kwenye benchi, anaitazama siti ya plastiki kama mtu aliyebadilishiwa mtoto. "Shikamoo mzee," nikasema. Aliitikia baada ya kuikagua baiskeli yake yote, kengele hadi madigadi.

Tangu siku hiyo yangu ina kitambaa cha njano kwenye foku.

7. Stakabadhi mkononi, au baiskeli haiondoki mkononi

Baiskeli haipandi na wewe kwenye behewa la abiria, uwe daraja la tatu au umekata kitanda. Inakwenda behewa la vifurushi. Inapimwa, unalipia, unapewa karatasi. Atakuja kijana mchangamfu atakayekuambia, "Niachie mimi, kaka, nitakupakilia, hiyo karatasi ya nini?" Mshukuru, umnunulie soda ukipenda, lakini baiskeli nenda nayo dirishani mwenyewe.

Stakabadhi usiikunje pamoja na tiketi. Kimoja kikipotea, kingine kibaki.

Kisha uliza swali ambalo wengi hawaliulizi: itakwenda na treni hii ninayopanda, au itafuata? Behewa likijaa, mzigo wako unaweza kubaki ungoje treni nyingine. Si mwisho wa dunia, mradi umejua mapema na una ndugu wa kukulaza. Kwa sababu hii mimi hufika siku moja kabla.

8. Tabora, usilale

Kidokezo hiki ni cha safari ya kurudi, na kwangu kina uzito kuliko vyote vilivyotangulia.

Wajerumani walipoijenga reli ya kati waliielekeza Kigoma, wakaifikisha mwaka 1914. Tawi la Mwanza lilikuja baadaye, wakati wa Waingereza, likakamilika 1928. Matokeo yake unayaona mpaka leo: treni inayotoka Dar es Salaam ikifika Tabora hukatwa. Mabehewa haya yanakwenda Mwanza, yale yanakwenda Kigoma. Abiria wanajua, maana wamekaa kwenye behewa lao. Baiskeli haijui.

Kama mzigo umeandikwa vibaya, au umewekwa upande usio wake, wewe utashuka Isaka na baiskeli itaendelea kuyaona maji ya Tanganyika. Kwa hiyo wakati wa kupakia, hakikisha karatasi zote tatu zimeandikwa ISAKA kwa herufi kubwa. Usiandike "Ngara," kwa sababu mpakiaji wa Dar es Salaam akisoma Ngara ana haki ya kukisia. Na Tabora, treni ikisimama kwa ule muda mrefu wa kupanga mabehewa, shuka. Nenda na stakabadhi mpaka behewa la vifurushi, salimia vizuri, uliza. Ukiiona kwa macho yako, nunua asali, rudi ukalale.

Hiyo asali iwe kwenye dumu lenye kifuniko cha kukaza, na ikae miguuni pako.

9. Treni ya umeme ni habari nyingine

Tangu katikati ya 2024 treni za SGR zinakimbia kati ya Dar es Salaam na Dodoma, mwendo unaofika kilomita 160 kwa saa. Ni safi, zinafuata saa, na mizigo inapita kwenye mashine ya ukaguzi kama uwanja wa ndege. Usifike pale na Phoenix umeishika usukani ukadhani utapishwa. Uliza ofisini kabla ya kukata tiketi: ukubwa gani unaruhusiwa, na mzigo mkubwa unasafirishwaje. Mwenye baiskeli ya kukunja iliyomo kwenye mfuko wake ana maneno machache zaidi ya kujieleza.

Wenzetu wa Ulaya nao wamegombana sana juu ya jambo hili, mpaka Umoja wa Ulaya ukatunga kanuni inayotaka treni mpya ziwe na nafasi za baiskeli, kwa kawaida zisizopungua 4. Nne! Kwa treni nzima. Behewa letu la vifurushi la reli ya zamani limekuwa likibeba zaidi ya hizo bila kanuni yoyote.

Jambo moja la kuzingatia ukibadilisha treni: stesheni mpya na ya zamani si lazima ziwe jirani. Morogoro, kwa mfano, ya zamani iko mjini na ya SGR iko Kihonda. Hapo ndipo mwenye baiskeli humcheka mwenye begi.

Na sisi je? Kipande cha Mwanza–Isaka, kilomita 341, kiliwekewa jiwe la msingi Juni 2021. Reli ya kutoka Isaka kuja Rusumo mpaka Kigali imezungumzwa kwa miaka, na kwenye makaratasi ya mradi huo jina la Keza, Keza yetu ya Ngara, lilikuwa linasomeka kama makutano ya kwenda Musongati, Burundi. Sasa reli ya Burundi imepitishiwa Uvinza. Keza bado wanaamshwa na jogoo.

10. Kagua kabla ya kusaini

Ukiipokea, usisaini kwa furaha. Inyanyue gurudumu la mbele, lizungushe, kisha la nyuma. Bonyeza breki. Tazama spoku. Tatizo lililoonekana mbele ya karani lina mtu wa kuliandika, na lililoonekana nyumbani ni lako na fundi wako. Ifuate mapema pia, mzigo uliolala stoo unaweza kutozwa.

11. Pampu usiipakie

Kila kitu kinaweza kwenda kwenye behewa la vifurushi isipokuwa pampu na spana mbili. Hivyo vibaki nawe, hata kama abiria wenzako watakushangaa unalala umekumbatia pampu. Utaipokea baiskeli ikiwa na upepo mdogo, usukani umelala, pedeli ziko kwenye begi, na fundi wa Isaka saa hizo bado yuko kitandani.

Na si wewe tu utakayeihitaji. Nje ya stesheni wapo wale vijana wa kubeba abiria kwa baiskeli, ambao upande ule huitwa daladala. Mara ya mwisho nilishuka alfajiri na pampu mkononi. Kabla sijafunga pedeli ya pili, walikuwa wamekwishajipanga wanne, na wa tano alikuwa ananiuliza kama spana yangu inaingia kumi na tano.